Mwanamke wa Gauni la Njano Hakucheka

Mmemchekesha. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na kama hamna muda wa kusoma mpaka mwisho, chukueni hilo moja mwende nalo. Yule mwanamke wa gauni la njano mliyemtundika kwenye baa moja ya Sinza, mkaandika chini yake maneno ya Kifaransa, hakucheka. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mmoja wenu ameufungua kwa kompyuta, akamwekea meno.

Mjukuu wangu alinipeleka pale kula chipsi na kuku. Nikainua macho kutafuta feni, nikamwona Tausi ukutani, ndani ya fremu nyeusi, yuko hewani kama alivyokuwa siku zote, chupa mkononi, gauni linapepea. Nikamwuliza mhudumu picha ile imetoka wapi.

"Ya Kifaransa hiyo, bibi. Ya zamani sana. Wazungu walikuwa wanatangazia pombe."

"Huyu ni mtu wa Lindi," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, kile kicheko mnachotupa sie wazee mkidhani tumeanza kuchanganyikiwa, akaenda kuleta chumvi.

Nimelifikiria sana kabla ya kuandika. Ndivyo nilivyo, siwezi kununua hata ndala bila kuzifikiria. Nilijiuliza kama nina haki ya kukasirika, maana sie wenyewe tuliwaiga Wafaransa. Nikajiuliza kama hasira hii ni uzee tu. Nikajiuliza kama Tausi mwenyewe angejali. Kila swali nililipatia jibu, kisha nikalitilia shaka jibu. Hasira ikabaki palepale. Kwa hiyo sikilizeni, nyie mnaojiita wabunifu, niwaambie picha mnayoiuza ni ya nani.

Nilifika Temeke nikiwa msichana aliyetoka chuoni. Nilikuwa nimesomea uchoraji ili nikafundishe shule, nasubiri kupangiwa kituo. Baba yangu, karani kutoka bara, alikuwa ameshawatangazia ndugu wote kwamba bintiye ni mwalimu. Kusubiri kulinitia wasiwasi, nikaenda kuomba nishike brashi kwenye karakana ya mabango ya Fundi Chilumba. Kituo kilipokuja kupangwa nikakikataa, na baba hakusema nami kwa muda mrefu. Maisha yangu yote ya kazi yakaishia kwenye rangi.

Fundi Chilumba alikuwa Mmakonde aliyeacha kuchonga vinyago kwa sababu vumbi la mpingo lilimkaba kifua. Akahamia kwenye rangi, ambayo nayo ilimkaba, ila taratibu. Aliniita Msomi. Halikuwa jina la heshima.

Mabango ya Kifaransa yalimfikia kwa njia ya ajabu. Baada ya Uhuru duka moja la mvinyo mjini lilifungwa, mwenyewe akarudi kwao Ulaya, na mabango yake ya matangazo yakauzwa sokoni kama karatasi za kufungia. Wachonga vinyago wakayanunua kwa sababu yalikuwa makubwa na magumu. Siku moja Fundi alimtembelea ndugu yake mchongaji, akaona kinyago kimefungwa ndani ya bango la jogoo. Jogoo mwekundu amevaa viatu, amebeba sinia la glasi. Akakitoa kinyago, akakiweka chini, akaondoka na karatasi. Ndugu yake alimsimanga kwa hilo mpaka wote wawili wakazeeka.

Akaanza kuyatafuta. Alipata la mtawa mnene amepanda chupa kama punda. Akapata na la mwanamke wa gauni la njano anayeruka kwenye giza, chupa mkononi, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Hatukujua Kifaransa hata neno moja, na hatukuhitaji kujua.

"Tazama, Msomi," Fundi alinionyesha. "Nyuma kweusi tupu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna jua linalozama. Kitu kimoja kinatoka gizani kinakujia. Hawa watu walijua kwamba picha ya pombe haitazamwi na mtu aliyekaa. Inatazamwa na mtu anayepita, tena ana mambo yake. Ukimwekea vitu vingi, ameshapita."

Chuoni nilifundishwa vivuli. Kazi yangu ya kwanza pale nilipewa chupa nichore kwenye ubao, nikaitia vivuli asubuhi nzima, kioo kikaonekana kioo, hadi lebo ikapinda vizuri. Fundi hakuisifu wala kuikosoa.

"Vuka barabara," akasema.

Nikavuka, nikageuka.

"Unaona nini?"

"Chupa chafu."

"Basi rudi uioshe."

Nikafuta vivuli vyote. Chupa ikabaki rangi mbili na mstari mmoja mweupe ubavuni, na ukiwa ng'ambo ulitaka kuifungua. Nyie siku hizi mnakuza picha kwenye kioo cha kompyuta mpaka mnaona nywele za kope. Hakuna anayevuka barabara. Ndiyo maana mabango yenu yamejaa kama kabati la mama mkwe.

Sasa nije kwa Tausi.

Palikuwa na baa pale Temeke ya mtu anaitwa Bwana Shirima, mtu wa bara, mwenye bidii na sauti kubwa. Alitaka ukuta wa mbele uchorwe. Fundi akamkunjulia mabango yake mezani, Shirima akaweka kidole juu ya mwanamke wa gauni la njano.

"Huyu. Lakini simtaki mzungu. Tumepata Uhuru, halafu nimbandike mzungu mlangoni kwangu?"

"Nitamchora mtu mweusi," Fundi akasema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Mweusi."

Mhudumu aliyekuwa anafuta meza ya jirani akasema bila kuinua kichwa, "Mtu tu ndiye nani? Niwekeni mie."

Huyo ndiye Tausi. Alikuwa mwembamba, mtu wa Lindi, mkubwa kwangu kidogo. Shirima akaguna kwamba mhudumu ana kazi zake. Tausi akamjibu kwamba bia za baa ile zinabebwa na mikono yake, na kama kuna mkono utakaobeba chupa ukutani, basi ni wake.

Aliruka kwa siku kadhaa. Tulimpandisha kwenye kreti uani, anaruka, mie nachora, anapanda tena. Fundi alisimama pembeni na lile bango ili tulinganishe. Mapumziko ya kwanza Tausi akalichukua bango mkononi.

"Huyu Mfaransa anacheka nini?"

"Amefurahia kinywaji," nikasema.

"Kakinywa, au kakibeba tu?"

Nikalitazama. "Kakibeba tu."

"Basi hana sababu." Akanirudishia. "Msomi, mie nacheka tangu tunafungua mpaka tunafunga. Mlevi akinitukana nacheka. Akinishika nacheka. Kucheka ni kazi yangu. Pale ukutani nataka nipumzike."

Nikamtazama Fundi. Nilikuwa tayari na wasiwasi wangu wote, kwamba tangazo la pombe lazima lifurahi, kwamba mwenye baa atakataa. Fundi akasema, "Mfunge mdomo."

Mtaniruhusu niwaeleze tulivyofanya, maana hamtaelewa mwisho bila hili. Tulichora uso wake kwenye karatasi ya kaki kwa ukubwa uleule wa ukutani. Kisha tukapita juu ya mistari yote kwa kile kigurudumu cha meno cha mafundi cherehani, kikatoboa matundu madogo madogo. Karatasi ile unaibandika ukutani, unachukua soksi iliyojazwa unga wa mkaa, unaigongagonga juu ya matundu. Ukiitoa karatasi, unakuta uso umebaki ukutani kwa nukta, unazifuata kwa brashi. Karatasi hiyohiyo unaweza kuitumia ukuta baada ya ukuta. Na kabla ya yote unalowesha kiganja, unausugua ukuta. Kiganja kikitoka cheupe, chokaa bado haijashika, usithubutu kupaka rangi ya mafuta, itabanduka kama ngozi ya nyoka. Hili la kiganja nililisahau mara moja tu katika maisha yangu, kwenye bucha, na ng'ombe wa watu akamwagika wote chini.

Picha ilipokamilika Shirima alikuja juu. "Kanuna huyo. Atanifukuzia wateja."

"Vuka barabara," Fundi akamwambia.

Shirima akavuka. Akasimama pale muda. Mtu wa baiskeli akapita, akageuza shingo, nusura aingie mtaroni. Mwingine akasimama. Mwanamke anaruka angani na chupa, uso umetulia kana kwamba amekaa nyumbani kwake. Kila anayepita alitaka kujua anawaza nini, na aliyetaka kujua akaingia ndani. Shirima alirudi, akaiacha picha ilivyo. Baa ikajaa.

Miaka ikasogea, Ujamaa ukapamba moto, na mambo mengi yakawa na msimamizi. Mtaa wetu ulikuwa na mwenyekiti, jina lake halina kazi hapa. Bia yake aliinywa uani, ambako picha haionekani. Siku moja alikuja kwa mlango wa mbele.

"Ndugu Shirima, yale magoti."

"Magoti gani, Mwenyekiti?"

"Ya huyo."

"Hiyo ni picha."

"Magoti ni magoti. Tunawakataza mabinti vigauni vifupi, wewe umetundika kimoja barabarani. Mvishe."

Kwa hiyo tukaitwa kuivisha picha. Tuliambiwa ni khanga, na Mwenyekiti akaagiza khanga iandikwe maneno ya kuhimiza kilimo. Fikirini hilo. Mwanamke wa Kifaransa, mwenye uso wa Lindi, anaruka na chupa ya pombe, kiunoni kafungwa wito wa kulima pamba.

Fundi akachanganya rangi nyekundu, nikaona anatia maji.

"Fundi, rangi ya maji juu ya mafuta haishiki."

"Najua."

"Mvua ikija je?"

"Ndiyo maana nikasema najua." Akacheka, kikohozi kikamkatisha.

"Na Tausi?"

"Tausi yuko ndani anafuta meza, Msomi. Hii ni picha. Utauwaza ukuta mpaka uanguke."

Nilikwenda kumwambia Tausi. Akaendelea na kitambaa chake. "Wanaume wakishaamua kucheka, nani amewahi kuwazuia?" Ndilo alilosema.

Masika yakaja. Mvua kubwa ilipiga mchana, watu wamejibanza barazani, na khanga ikaanza kushuka. Maji mekundu yakatiririka ukutani, maneno ya kilimo yakayeyuka, goti likatoka, na la pili likafuata. Mtaa mzima ulikuwa unatazama. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Mwenyekiti akapita na mwavuli wake, na mmoja akamwita kutoka barazani, "Mwenyekiti, njoo umfunge, anapata baridi."

Fundi alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Mie pia nilianza kucheka, nikamwona Mwenyekiti anavyoutazama uso wa picha, si magoti. Kicheko kikaniishia.

Mwenyekiti hawezi kuishtaki mvua. Fundi angesema kwamba rangi siku hizi ni mbovu, na nani angebisha, kila kitu kilikuwa kibovu au hakipo. Shirima alikuwa mtu anayempa bia uani. Akabaki mmoja.

Nyie hamkuwepo, kwa hiyo niwaambie kwamba siku zile mtu aliyeonekana mjini bila kazi alichukuliwa akapelekwa shamba. Lori likaja, likasimama mbele ya baa asubuhi peupe, chini ya picha. Mwenyekiti akashuka na mgambo wawili. Akamwita Tausi nje, akaniita na mie na Fundi kutoka karakana, maana ilikuwa jirani.

"Ndugu Shirima, huyu ni mfanyakazi wako?"

Kila mtu alijua. Lakini Shirima hakuwahi kumwandikisha popote, na kukubali kungemletea maswali. Akajikuna shingo.

"Huyu huja tu hapa, anasaidiasaidia."

"Na yule wa juu?"

"Yule ni mali ya baa."

Nimekaa na sentensi hiyo maisha yangu yote, bado inanichemsha. Wa rangi alikuwa na mwenyewe. Wa damu, aliyebeba kreti zake, Shirima hamjui.

Nikasema, "Ni mfanyakazi wa karakana yetu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anasimama, tunamchora."

"Kusimama ni kazi?"

Tausi akamjibu mwenyewe. "Simama wewe hapo mpaka jioni, Mwenyekiti, na glasi mkononi, mtu anakushika kiuno, uone kama si kazi."

Mgambo mmoja akaficha mdomo kwa mkono. Mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia Fundi. "Chilumba, karakana ni yako. Ni mtu wako huyu?"

Fundi, aliyecheka mpaka akakaa chini. Fundi aliyejua mvua itafanya nini. Alitazama viatu vyake vilivyojaa rangi, akasema hana hakika.

Tausi hakungoja kushikwa. Alifunga khanga yake vizuri, ya kweli, akapanda lori mwenyewe. Alipokaa alitutazama mmoja baada ya mwingine, mdomo umefungwa. Kisha lori likaondoka, na juu yetu yule mwingine akabaki anaruka.

"Umecheka wewe, kalipa yeye," nilimwambia Fundi. Siku iliyofuata alikuja, akasafisha brashi zote, hata zilizokuwa safi. Nilibaki kwake, na mtakaotaka kunihukumu kwa hilo mnaweza. Hakuna aliyejua rangi kama yeye, na nilikuwa na haki ya kumkasirikia na kujifunza kwake kwa wakati mmoja. Sikumficha lolote kati ya hayo mawili.

Na sikilizeni kilichofuata. Hakuna aliyesema picha ifutwe. Magoti yalifunikwa kwa kurefusha gauni, safari hii kwa rangi ya mafuta, basi. Wenye baa wengine wakaitaka. Karatasi ya matundu ikatolewa, soksi ikagongwa, Tausi akatokea Keko, akatokea Magomeni, akatokea Kiwalani. Sura yake ilizunguka mji mzima wakati mwenyewe analima porini kwa jembe la watu.

Alirudi baada ya mavuno. Nilikuwa nachanganya bluu alipoingia, mweusi zaidi, viganja vimekuwa kama gome. Fundi akasimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kujichukua."

Hakuhitaji kueleza. Fundi alikwenda kwenye msumari, akaitoa ile karatasi ya kaki, akampa kwa mikono miwili. Tausi akainua, mwanga wa mlangoni ukapita kwenye matundu, akajitazama. Kisha akanipa mie.

"Kaa nayo wewe. Kwangu kunavuja. Ukimtoa tena, mtoe hivihivi. Usimchekeshe."

Aliishi Kiwalani, akauza vitumbua mpaka Mungu alipomchukua, na hakupita tena mbele ya baa ya Shirima. Aliyeenda kununua kwake alijua kwamba hachekei mteja, na kwamba vitumbua vyake havina mfano.

Ukuta wa Shirima ulibomolewa na warithi wake. Kabla haujabomolewa mmoja wenu aliupiga picha. Hilo silikasirikii, mwenye jicho lazima asimame pale. Jina lake ni Deo. Baada ya ile siku ya chipsi mjukuu wangu alimtafuta, naye Deo akaja kwangu Boko, kijana mwenye miwani, mpole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwekea meno?"

Akakaa vizuri kwenye kiti. "Bibi, alikuwa kama amenuna. Mwenye baa alitaka watu wajisikie poa. Na Kifaransa kinauza."

"Anaitwa Tausi."

"Sikujua kama ni mtu."

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, nikayapanga upya, nikayapunguza makali, nikayarudishia. Badala yake nilitoa karatasi kabatini, nikaibandika kwenye ukuta wangu wa mbele, nikampa soksi. Nikamwonyesha jinsi ya kugonga. Mikono yake, msione aibu kuambiwa, haikujua uzito wa kitu chochote. Vumbi la mkaa likamjaa kwenye miwani.

Nikaitoa karatasi. Deo akasogeza pua mpaka karibu na ukuta.

"Ni nukta tu, bibi."

"Vuka barabara."

Akasubiri bodaboda ipite, akavuka. Akageuka. Alisimama pale muda, mikono myeusi imening'inia. Jirani yangu alipita na ndoo, akamwona anavyotazama, naye akageuka kutazama.

Deo aliporudi hakuzungumzia wateja tena. "Bibi, kachoka huyu?"

"Amepumzika," nikamwambia. "Ndicho kitu pekee alichowahi kutuomba."

Ile ya Sinza bado ina meno. Deo anasema ameshaandaa nyingine, mdomo umefungwa, Kifaransa kimeondolewa, na jina lake chini, ila mwenye baa ameizoea ya zamani na anasema picha ni mali ya baa. Sentensi hiyo naijua. Mwambieni tu kwamba unga wa mkaa nimeshatwanga, soksi ninayo, na ukuta wake wa nje, nilipopita nikausugua kwa kiganja, umekauka vizuri.